Mwamuzi Asiyeulizwa

Ndugu wapendwa wa sharika zetu, twapenda mwezi huu kuwaza pamoja nanyi juu ya kazi ambayo wazee wa kanisa na waalimu huitwa kuifanya mara kwa mara, nayo ni kuamua mashauri. Watu wakigombana kwa ajili ya mpaka wa kihamba, au zamu ya maji ya mfereji, au mahari, huja kwetu wakisema, "Tuamulieni." Nasi twaketi, twasikia, twatoa neno. Walakini ni wachache kati yetu waliojiuliza neno lililo chini ya kazi hiyo: hukumu ya haki ni nini? Je, hukumu ni ya haki kwa sababu mwenye kosa amepata adhabu yake? Au ni ya haki kwa sababu ya njia iliyofuatwa hata kuifikia? Wengi watajibu upesi kwamba njia si kitu, maadamu mwovu ameadhibiwa. Sisi hatukubali jibu hilo. Nasi tutaonyesha sababu zetu kwa habari iliyotokea papa hapa mlimani petu, chini ya Kibo na Mawenzi, karne ile ya 19 ilipokuwa ikifikia mwisho wake.

Tarehe 2 Machi mwaka 1900, huko Tsudunyi katika nchi ya Old Moshi, watu 19 walinyongwa kwa amri ya serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani. Atajwaye kwanza siku zote ni Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Mangi Rindi. Pamoja naye walikuwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, tena wakuu wengine wa Uchagani, wa Meru na wa Arusha. Kosa waliloshitakiwa ni kula njama ya kuwaasi Wadachi. Aliyewashitaki kwa jina la serikali ni Kapteni Kurt Johannes, mkuu wa kituo cha Moshi. Aliyewahukumu ni yeye yule. Na askari waliotimiza hukumu walikuwa askari wake.

Ili tufahamu uzito wa neno hili, yatupasa kukumbuka yaliyotangulia. Mwezi wa Juni mwaka 1892 jeshi la Wadachi chini ya von Bülow lilikwea kupigana na Meli, naye Meli akalishinda, na von Bülow mwenyewe akafa. Mwezi wa Agosti mwaka 1893 Wadachi walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakiongozwa na von Schele, wakaishinda Moshi. Tangu hapo Meli alikuwa mangi chini ya boma, na boma lilimkumbuka kama mtu aliyekwisha kuwapiga. Basi mwaka 1900 Meli aliposimamishwa mbele ya Johannes, hakusimama mbele ya mtu mgeni asiyekuwa na habari naye. Alisimama mbele ya mkuu wa jeshi ambalo yeye Meli alikuwa adui wake miaka saba tu iliyopita.

Kuna na jambo la pili, nalo latugusa sisi Walutheri. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, huko Akeri katika nchi ya Meru, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku na mashujaa wa Meru na Arusha. Johannes alikuwa karibu na mahali pale na askari wake. Baadaye alitoka kulipiza kwa vita, na watu wa Meru na Arusha walipata hasara kubwa ya watu na ng'ombe. Twawaheshimu marehemu wale wawili, maana walikuja na habari njema wala hawakuja na bunduki ya kuteka nchi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twapaswa kusema kweli: hasira juu ya damu yao ilikuwa moja ya mizigo iliyobebwa na mwamuzi wa mwaka 1900, alipowakuta mbele yake wakuu wa Meru na Arusha. Mtu aliyeumia ana haki ya kulia na ya kushitaki. Kuhukumu ni kazi nyingine.

Sheria ya Wadachi yenyewe ilisemaje? Kwa amri iliyotolewa mwaka 1896, mkuu wa kituo alipewa uwezo wa kuwahukumu wenyeji kwa viboko, kwa faini, kwa kifungo na kwa minyororo. Hukumu ya kifo iliwekwa mkononi mwa Gavana, ila palipokuwa na hofu ya maasi mlango wa kuhukumu upesi ulifunguliwa. Hapakuwa na kitabu cha sheria cha kumwonyesha mwenyeji makosa yake ni yapi na adhabu ya kila kosa ni ipi. Hakuwa na wakili. Hakuwa na haki ya kukata rufani kwa mahakama nyingine, kama Mdachi alivyoweza kufanya katika nchi hii hii. Basi yule kapteni alikuwa mwamuzi asiyeulizwa. Wakubwa wake waweza kumwuliza habari, lakini yule aliyehukumiwa hakuwa na mahali pa kumwuliza.

Na ushahidi ulitoka wapi? Historia iliyoandikwa na masimulizi ya wazee wa Old Moshi hukubaliana kwamba habari za njama zilifika bomani hasa kwa njia ya Mangi Marealle wa Marangu. Naye alikuwa rafiki wa boma, tena mshindani wa Moshi, hata kuanguka kwa Meli kulikuwa faida kwake. Wajukuu na vitukuu wa pande zote wamo sharikani mwetu leo, nao hushiriki Meza moja. Kwa hiyo hatusemi haya ili kufufua ugomvi wa mababu. Twasema kwa sababu ya mithali ya Kiswahili isemayo, msema pweke hakosi. Anayesema peke yake husema vema siku zote, kwa kuwa hakuna wa kumjibu. Ikiwa sikio la mwamuzi limekwisha kujazwa na mmoja kabla ya mwingine kuitwa, huyo wa pili atasema nini hata asikiwe?

Hapa msomaji mmoja atatuuliza: "Je, ikiwa kweli walikula njama?" Swali hili ni jema, wala hatutalikwepa. Yawezekana kwamba baadhi yao walisema maneno ya vita usiku, wakiwa na kibuyu cha mbege katikati. Ni nani ambaye asingesema, hali amenyang'anywa nchi yake, na watu wake wakitolewa kufanya kazi za boma? Hebu tukubali kwa ajili ya kuwaza tu kwamba njama ilikuwapo. Je, hukumu ya Tsudunyi yawa ya haki kwa sababu hiyo?

Twajibu: hapana. Fikirini mizani ya chama cha kahawa. Mkulima akileta gunia lake, naye akaona sindano yasimama pale pale, gunia likiwa limejaa au likiwa tupu, hatasema, "Leo mizani imesema kweli," hata kama gunia la leo lina uzito ule ule unaoonyeshwa. Atasema mizani hii haipimi. Baraza nalo ni vivyo hivyo. Mwamuzi asemapo, "Huyu ana hatia," asema maneno mawili kwa pamoja: kwamba mtu huyu amekosa, tena kwamba sisi tumepima tukajua. Neno la kwanza laweza kuwa kweli kwa bahati tu. La pili haliwi kweli ila kwa njia ambayo ingaliweza kutuonyesha kinyume chake. Baraza lisiloweza kumwona mtu hana hatia, haliwezi kumwona ana hatia. Laweza kumwua, lakini halijamhukumu.

Tena tusidhani kwamba kosa hili lilikuja na merikebu kutoka Ulaya. Mangi Rindi naye, na mangi wengine wa kale, waliketi kuamua mashauri ambayo wao wenyewe walikuwa na faida ndani yake. Ng'ombe wa faini waliingia zizini mwa nani? Mwa mangi. Aliyehukumiwa na mangi wake angemwendea nani, ila kukimbilia nchi ya mangi mwingine? Anayetamani siku zile za kale kana kwamba baraza lote lilikuwa haki, hajawauliza wazee vizuri. Hata hivyo mababu zetu walikuwa na neno moja ambalo boma halikuwa nalo. Mchaga aliyechukua jani la sale na kwenda kwa yule aliyemkosea, hakuweza kufukuzwa mlangoni. Aliyeshikiwa sale alipaswa kutulia na kusikiliza, ijapokuwa moyo wake wawaka moto. Jani lile halikusema mwenye kosa hana kosa. Lilisema tu kwamba bado yuko mtu wa kusikiwa. Siku ile ya Tsudunyi mwenye nguvu hakuwa amefungwa na jani lo lote.

Labda mtu atasema kwamba shida yote ni ukali wa askari, na kwamba kama pangalikuwapo hakimu wa kweli, mwenye elimu ya sheria, mambo yangalikwenda sawa. Kwa hiyo na twende mbali kidogo, hata Marekani, tukamtazame hakimu mmoja wa miaka ile ile. Jina lake Isaac Parker. Rais Grant alimweka mwaka 1875 kuwa hakimu wa serikali kuu katika mji wa Fort Smith, jimbo la Arkansas. Mtu huyu alijifunza sheria, akawa mbunge, na alikuwa na bidii kubwa ya kazi. Aliyemtangulia katika kiti kile aliondoka kwa aibu ya rushwa, lakini Parker hakupatikana na aibu hiyo. Alihukumu katika baraza lenye wazee 12 wa mahakama walioapishwa, na washitakiwa walikuwa na mawakili. Nchi aliyopewa kuilinda, pamoja na eneo kubwa la wenyeji wa asili wa Marekani upande wa magharibi, ilijaa wauaji na wanyang'anyi, hata makumi ya askari wake waliuawa katika kuwakamata.

Mwezi wa Septemba mwaka huo wa 1875 watu sita walinyongwa kwa siku moja kwa hukumu zake, na magazeti yakampa jina la hakimu mnyongaji. Katika miaka 21 aliwahukumu kifo watu 160, na kati yao 79 walinyongwa. Wengine walimsifu kuwa ndiye aliyeleta amani, wengine walimchukia, na mabishano juu yake hayajaisha hata leo. Lakini sisi twatazama jambo moja tu. Katika miaka yake 14 ya kwanza, mtu aliyehukumiwa kifo na Parker hakuwa na mahakama ya juu ya kumwendea. Palikuwa na Rais peke yake, awezaye kusamehe au kupunguza adhabu. Mwaka 1889 sheria mpya ilifungua njia ya kwenda Mahakama Kuu kule Washington. Ikawaje? Hukumu zake nyingi zilizopelekwa huko zilirudishwa, kwa kuwa hakimu alikuwa amewaelekeza wale wazee 12 vibaya, au alizidi kusema kwa upande wa serikali. Baadhi ya watu wale walihukumiwa upya, wakaonekana wana hatia vile vile. Naye Parker hakupendezwa, akabishana hadharani na wakubwa wa sheria. Mwaka 1896 eneo lile liliondolewa mkononi mwake, na mwezi wa Novemba akafa.

Basi tufahamu. Parker na Johannes si mtu mmoja. Yule alikuwa na sheria iliyoandikwa, na ushahidi uliosemwa mbele ya watu. Huyu alikuwa na boma na bunduki. Lakini makosa yale yaliyoonekana baada ya mwaka 1889, je, hayakuwapo kabla yake? Yalikuwapo, bali hapakuwa na jicho la kuyaona. Na waliokwisha kunyongwa hawakuweza kukata rufani kutoka kaburini. Hapa twajifunza kwamba kuulizwa si adhabu kwa mwamuzi mbaya tu. Mwamuzi mwema, mwenye bidii, asiyekula rushwa, asipoulizwa huzoea sauti yake mwenyewe, hata aifikiri kuwa ndiyo haki.

Twajua neno ambalo wazee wengine watalisema juu ya hili, nalo si neno la upuuzi. Watasema, "Shauri likikatwa leo na kufufuliwa kesho, nyumba haitulii. Mjane aliyenyang'anywa kihamba angoje miaka mingapi?" Kweli, haki inayokawia mno huwa sura nyingine ya udhalimu, na wenye fedha hupenda kukata rufani ili kumchosha maskini. Kwa sababu hiyo hatusemi mashauri yasiwe na mwisho. Twasema mwisho usiwe mdomo wa mtu mmoja. Na adhabu ikiwa haiwezi kurudishwa, uchunguzi wapasa kuwa mrefu zaidi. Ng'ombe aliyetozwa kwa makosa aweza kurudishwa na ndama wake. Mtu aliyenyongwa hurudishwaje?

Wazao wa wale wa mwaka 1900 wamejifunza swali hilo kwa machozi. Ukoo wa Mangi Meli wasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Mzee Isaria Anael Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kwa kupima vinasaba, mafuvu matatu yaliyokuwa katika hazina yao yalionekana kuwa na ndugu walio hai hapa Tanzania. Moja lilikuwa na neno Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambuliwa kati ya yale. Tazameni basi: hukumu ilikatwa upesi, na baada ya zaidi ya miaka 120 watoto bado wanatafuta mifupa ya kuzika. Pale Tsudunyi leo pana sanamu ya Meli karibu na mti, na watu hukusanyika kila tarehe 2 Machi. Hawakusanyiki kwa sababu wote wana hakika kwamba Meli hakusema neno lo lote juu ya Wadachi. Wakusanyika kwa sababu hakupimwa.

Ndugu, Maandiko nayo hayakunyamaza katika habari hii. Mnamkumbuka Festo, liwali wa Kirumi, mtu asiyemjua Kristo. Wakuu walipomtaka Paulo ahukumiwe kwa maneno yao tu, aliwaeleza desturi ya Warumi: mtu hatolewi kabla ya kuonana na wanaomshitaki uso kwa uso na kupata nafasi ya kujitetea. Na Paulo alipoona kwamba baraza lile limeelekea upande mmoja, hakuona dhambi kukata rufani kwa Kaisari. Kadhalika Nikodemo aliwauliza wenzake barazani kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia, nao wakamdhihaki. Ikiwa liwali asiye Mkristo alijua haya, je, baraza la wazee wa usharika laweza kujua pungufu?

Hapa ndipo neno linapotufikia sisi. Mabaraza yetu hayanyongi mtu, na tushukuru. Lakini humtenga mtu na Meza ya Bwana, humwondoa kwaya, humnyima kijana kubarikiwa harusi yake. Na mtu aliyetengwa akifa kabla shauri lake halijasikiwa tena, familia huachwa kaburini na uchungu usio na pa kuupeleka. Basi mzee wa kanisa asiseme, "Mambo ya Johannes na Parker hayanihusu." Kiti ni kile kile, ijapokuwa ni cha mbao za mgrevilea.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mzee aliye ndugu wa mshitaki, au mwenye mpaka mmoja na mshitakiwa, au aliyewahi kugombana naye, na ainuke kitini shauri likija, awaachie wengine. Kuinuka huko si aibu, ni heshima. Mshitakiwa na aambiwe neno lake waziwazi, na aliyelileta ajulikane, maana barua isiyo na jina si shahidi. Hukumu na iandikwe pamoja na sababu zake, kwa kuwa sababu isiyoweza kuandikwa mara nyingi ni chuki au hofu. Tena aliyehukumiwa na aonyeshwe njia ya kwenda kwa mchungaji, na kutoka kwa mchungaji hata jimboni, naye akiifuata asihesabiwe kuwa mwasi. Mzee ambaye neno lake limerudishwa kutoka juu asikasirike kama Parker. Na ashukuru kwamba aliyekosewa bado yu hai, naye aweza kushikwa mkono.

Jioni baraza likiisha, wazee huchukua viti vyao na kwenda nyumbani kukamua ng'ombe. Kabla ya kuinuka, mwenye kiti na aulize mara moja tena kama yuko mtu ambaye hajasikiwa.